Boma na Misheni katika Vita vya Mwaka 1889

Katika kuadhimisha miaka 100 ya Usharika, yafaa kukumbuka kwamba Injili haikufika Dar es Salaam katika siku za utulivu. Mbegu yake ilipandwa katika mji uliokaribia kuingia vitani, na kabla ya kutimiza miaka miwili ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Boma la Kale, ambalo kuta zake nene za mawe ya matumbawe zingali zimesimama mbele ya bandari, ni kazi ya siku hizo. Majid alipofariki mwaka 1870, ujenzi ulisimama na nyumba nyingi zikaanza kubomoka. Upande wa magharibi, mahali penye Kariakoo ya leo, palikuwa nje kabisa ya mji.

Mwaka 1887 alifika mmisionari Johann Jakob Greiner, aliyetumwa na chama cha misheni ya Kiinjili kilichoundwa Berlin mwaka 1886. Carl Peters, mtu wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alishiriki katika mwanzo wa chama hicho. Wenyeji waliona Wajerumani wawili, mmoja akishika Biblia na mwingine bendera, nao hawakuwa na sababu kubwa ya kuwatenganisha.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodishia Kampuni utawala wa pwani pamoja na ushuru wa forodha. Kampuni ilipoanza kazi mwezi Agosti, ubabe wa wakala wake Emil von Zelewski kule Pangani uliwasha moto. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza upinzani, na Bwana Heri akasimama imara Saadani. Upesi Kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa manowari.

Mwezi Januari 1889 vita vilifika Dar es Salaam. Pamoja na chuki dhidi ya Kampuni, palikuwa na sababu nyingine: manowari za Kijerumani zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa, na baadhi ya waliokombolewa walikabidhiwa kwa wamisionari. Wenye biashara hiyo walihesabu kwamba mali yao imefichwa misheni. Kituo cha Kampuni kilishambuliwa, na nyumba ya misheni haikusalimika. Mizinga ya manowari ilijibu kutoka bandarini, na raia wasio na silaha wakaumia katikati ya pande mbili.

Tarehe 13 Januari kituo cha Wabenediktini cha Pugu kilivamiwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerg na Sista Martha Wansing waliuawa. Wenzao waliotekwa waliachiliwa baadaye kwa fidia. Lakini wapo waliopoteza zaidi: waliokombolewa utumwani na kupata hifadhi misheni, wakatawanywa au kurudishwa kifungoni. Majina yao hayakuandikwa katika mawe.

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani. Mwezi Mei 1889 aliivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu ya koloni.

Hivyo misheni ilirejea chini ya ulinzi wa bunduki, na hilo halipaswi kufunikwa. Abushiri na wenzake walitetea nchi isiuzwe bila wenyewe kuulizwa, ingawa miongoni mwao walikuwamo waliotetea pia biashara ya wanadamu. Wamisionari waliwapokea waliofungwa minyororo, ingawa walikuja pamoja na wenye kufunga wengine. Mambo hayo yote mawili ni kweli, na Kanisa limeyarithi yote.

Kazi ilisonga hadi Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1903 Misheni ya Berlin ikaipokea. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963, uongozi ulikuwa ukipita mikononi mwa wana wa nchi. Jambo ambalo mizinga ya mwaka 1889 haikuweza kulileta, yaani kuaminiwa na wenyeji, lililetwa polepole na waalimu na wainjilisti Waafrika, waliotembea kwa miguu bila boma la kuwakinga.