Kompyuta Zilipoanza Kuulizana

Mwaka 1999 Debian, mfumo huria wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulitoa toleo la 2.1 likiwa na chombo kipya kiitwacho APT. Ukikitajia programu, kinaileta pamoja na kila kinachoitegemeza. Lakini kwanza kilitaka kujua ghala la programu liko wapi, na anwani hiyo iliandikwa kwa mkono katika kila kompyuta.

Penye kompyuta nyingi na intaneti ya kulipia, hilo liliuma: kifurushi kilekile kilivutwa kutoka mbali tena na tena. Wasimamizi wakaweka seva ya jirani iliyotunza nakala. Hata hivyo kila kompyuta ilibidi ielekezwe kwenye seva hiyo, na iliyobebwa kwenda nyumbani ilikwama ikiitafuta seva iliyobaki ofisini.

Ufumbuzi ulitoka kwa watu waliochoshwa na usumbufu wa kuunganisha printa. Tangu miaka ya 1980, kompyuta za Apple ziliweza kuonana zenyewe, na kuziona printa, kwa itifaki iitwayo AppleTalk. Mwaka 1997 Stuart Cheshire, aliyekuwa akisoma Stanford, alipendekeza wepesi huo uhamishiwe kwenye itifaki za intaneti. Apple waliutoa mwaka 2002 kwa jina la Rendezvous, wakalibadili kuwa Bonjour mwaka 2005. Upande wa Linux, Lennart Poettering na Trent Lloyd waliunda Avahi, jina la lemuri wa misitu ya Bukini.

Utaratibu wake unapendeza kwa uchache wake. Kompyuta inatuma swali kwenye anwani 224.0.0.251, mlango wa 5353, na kila mwenzake aliye katika mtandao huo wa ndani analisikia. Mwenye jibu ndiye anayejibu. Ni kama kupiga hodi uani: hujui nani yumo, lakini aliyemo ataitikia. Michael Vogt wa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, aliutumia utaratibu huo katika squid-deb-proxy, seva ya kutunza nakala za vifurushi. Seva inajitangaza kwa jina _apt_proxy._tcp, na APT ikitaka kuvuta kifurushi, inauliza kwanza. Ikijibiwa, inachota kwa jirani. Kukiwa kimya, inakwenda intaneti kama kawaida.

Lakini yeyote anaweza kuitikia, hata mwenye nia mbaya. Kilichofanya jambo hili listahili kuaminiwa ni kazi nyingine kabisa, na kwangu ndiyo kubwa zaidi: tangu Debian 4.0 ya mwaka 2007, APT huhakiki sahihi ya kidijitali ya ghala, na kwa hiyo alama ya kila kifurushi. Kifurushi kilichochezewa kinakataliwa, aliyekileta awe yeyote. Mdanganyifu anabakiwa na hila ya kukupa orodha ya zamani ya vifurushi, iliyo na sahihi halali, ili usipate marekebisho mapya ya usalama. Ndiyo maana orodha za marekebisho ya usalama za Debian huandikwa tarehe ya mwisho, na ikipita, APT inazikataa.