Kutoka Darasani hadi Nyumbani: Elimu na Kusaidiana katika Parokia ya Kikatoliki nchini Tanzania tangu 1928

1.0 Utangulizi

Historia ya Kanisa Katoliki nchini Tanzania imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya wamisionari, maaskofu na majengo yao. Insha hii inaichunguza parokia kama mahali ambapo watu wa kawaida walifundishana na kusaidiana. Hoja kuu ni kwamba shule za misheni zilipotwaliwa na serikali mwaka 1970, kazi ya parokia ya kufundisha iliendelea, ila kitovu chake kilihama kutoka darasani hadi majumbani mwa waumini, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kwa kuhama huko, mafundisho ya dini na msaada wa kijamii viliwekwa mikononi mwa kundi moja la majirani. Jambo hilo liliipa jumuiya nguvu kubwa. Liliipa pia mamlaka ya kuamua nani ahesabiwe kuwa mwenzao, na mamlaka hayo yanastahili kuchunguzwa.

2.0 Katekista kama mwalimu wa kwanza

Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifika katika eneo la Maziwa Makuu mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwanzilishi wao aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kupitia ukatekumeni wa miaka 4. Agizo hilo lilikuwa na matokeo makubwa. Mapadre wachache, ambao wenyewe walikuwa wakijifunza lugha za wenyeji, hawangeweza kuwafundisha watu wengi kwa muda mrefu kiasi hicho. Kazi ikawaangukia makatekista.

Katekista aliishi kijijini, akalima kama wenzake na kuzijua familia zote. Aliongoza sala ya Dominika padre asipokuwapo, alibatiza waliokaribia kufa, na alimpelekea padre habari za wagonjwa na za misiba. Mafundisho na msaada vilipitia kwa mtu yuleyule. Vita Kuu ya Kwanza ilidhihirisha umuhimu wake. Katika maeneo ambayo wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, makatekista ndio waliowashika waumini pamoja hadi mapadre wengine walipofika.

3.0 Shule yachukua nafasi ya mbele

Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu jijini Dar es Salaam na kuwashauri kwamba pale ambapo haiwezekani kufanya yote mawili, shule zitangulizwe mbele ya makanisa. Ushauri huo ulitokana na hofu kwamba misheni isiyokuwa na shule nzuri ingepoteza kizazi kizima.

Kutokana na mwelekeo huo, parokia ilizidi kutambulika kwa shule yake. Mwalimu mwenye cheti alilipwa kwa msaada wa ruzuku, ilhali katekista alibaki na posho ndogo au bila malipo yoyote. Elimu rasmi ikapanda hadhi, huku mafundisho ya kijijini yakishuka. Uhusiano wa karibu uliokuwapo kati ya kufundisha na kuhudumia wenye shida ukalegea, kwa kuwa mwalimu wa shule aliweza kuhamishwa na wanafunzi wake walitoka vijiji vingi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali iliona kuwa elimu haiwezi kugawanywa kwa misingi ya dini. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1969, shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku ziliwekwa chini ya serikali mwaka 1970. Kwa parokia iliyokuwa imejengwa kuizunguka shule, swali lilikuwa zito: watu wake wangekutania wapi sasa, na nani angewafundisha?

4.0 Jumuiya kama darasa na mfuko

Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi. Walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, mahali ambapo watu huishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka 1976 walilifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulikuwa tayari umewapa walei nafasi mpya, na uhaba wa mapadre uliisukuma hoja hiyo mbele.

Haingekuwa sahihi kudai kwamba kutaifishwa kwa shule ndiko kulikozaa jumuiya. Uamuzi wa AMECEA ulihusu pia nchi zenye sera tofauti na za Tanzania, kama Kenya na Malawi. Hata hivyo, hali ya Tanzania inasaidia kueleza namna jumuiya zilivyopokewa. Waumini walikuwa tayari wameuzoea mfumo wa TANU wa nyumba kumi kumi, pamoja na lugha ya ujamaa na kujitegemea. Jumuiya ya kaya jirani, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini wake, haikuwa kitu kigeni kwao. Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania (WAWATA), ulioanzishwa 1972, nao uliwaandaa wanawake wengi kushika uongozi.

Katika mkutano wa kila juma wanajumuiya husoma Injili ya Dominika inayofuata na kuijadili, kisha hutaja mgonjwa wa kutembelewa, mfiwa wa kufarijiwa na mtoto anayehitaji mafundisho ya komunyo. Anayefafanua Injili anaweza kuwa mkulima au mama lishe. Kile ambacho shule ilikuwa imekitenganisha, yaani kufundisha na kutunzana, kiliungana tena. Safari hii kiliwekwa mikononi mwa majirani kwa pamoja.

5.0 Daftari na mlango

Muungano huo ulihitaji kumbukumbu. Jumuiya ina daftari la mahudhurio na la michango, zaka hukusanywa kupitia kwake, na katika parokia nyingi anayeomba ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi huulizwa kwanza jumuiya yake. Utaratibu huo una mantiki: padre mwenye waumini maelfu hawezi kumfahamu kila mmoja, lakini jirani anamfahamu.

Tatizo huanza pale ushahidi unapogeuka kuwa sharti. Mlinzi anayefanya kazi usiku, mpangaji anayehama kila baada ya miezi michache, au mjane asiye na fedha ya mchango, huonekana katika daftari kama mtoro. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983 uko wazi. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa, na asiyehudhuria jumuiya hayumo. Kanuni ya 848 inaagiza kwamba mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kwa hiyo, familia inapoambiwa kwamba marehemu wao hatazikwa na padre kwa kuwa hakuwa na jumuiya, kinachotumika si sheria ya Kanisa bali nidhamu ya chama cha kusaidiana, ambamo asiyechanga hachangiwi.

6.0 Hitimisho

Sinodi ya Afrika ya 1994 ililiita Kanisa Familia ya Mungu, na waraka wa Ecclesia in Africa wa 1995 ukazihimiza jumuiya hai. Lugha ya familia na lugha ya daftari hazifanani, kwa kuwa katika familia mgonjwa hahesabiwi siku alizokosa kufika mezani. Historia iliyojadiliwa hapa inaonesha kwamba jumuiya ilirithi kazi mbili. Kutoka kwa katekista ilirithi kazi ya kumfuata mtu alipo. Kutoka kwa shule ilirithi kuita majina. Utafiti wa parokia za leo unapaswa kuyasoma madaftari hayo kama nyaraka za kihistoria, na kuuliza ni nani ambao majina yao yamekoma kuandikwa, na ni nani aliyekwenda kuwatafuta.