Ngoma ya Embandwa katika Nchi ya Karagwe

Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, alipofika Karagwe mwezi wa Novemba 1861 akapokewa kwa taadhima na Omukama Rumanyika, alikuta katika nyumba za wakuu wanawake walionyweshwa maziwa kutwa hata baadhi yao wasiweze kusimama; na alipokuwa akimpima shemeji wa mfalme, ambaye mzingo wa mkono wake ulifika inchi 23, binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16, alikuwa ameketi mbele yao akinyonya chombo cha maziwa, na baba yake kando ameshika fimbo ili asiache. Wasomaji wa Ulaya walikisoma kisa hicho kama kioja. Mimi nakiona kuwa ni kifungo, ijapokuwa hapakuwa na pingu.

Lakini katika nchi hiyo hiyo, pamoja na Kyerwa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya peke yake, mwanamke aliyefiwa na watoto mfululizo, au aliyekosa uzazi akadharauliwa ukweni, au aliyeugua maradhi yasiyojulikana asili yake, aliweza kuingizwa katika chama cha embandwa, watumishi wa mizimu ya Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi, kama Wamara, Mugasha na Irungu, ambacho aghalabu wafuasi wake walikuwa wanawake. Ngoma zikilia na manyanga ya vibuyu yakitikiswa, wenzake wakimwitikia, alicheza hata mzimu ukampanda kichwani. Na yule aliyezoea kuinamisha macho mbele ya mumewe akanena kwa sauti ya Mchwezi, wanaume wakamsikiliza kwa adabu. Alihesabiwa kuwa amezaliwa upya, akapewa jina jipya na kufundishwa lugha ya siri. Naam, palikuwa na ada ya mifugo na pombe, na kiapo cha kutisha. Wala siamini kuwa mzimu ndio uliomponya. Naamini aliponywa na wale waliomwitikia.

Wamisionari waliihesabu ngoma hiyo kuwa ibada ya mashetani, na waongofu wengi wakachoma vifaa vyake. Hata hivyo, Uamsho wa Kikristo uliotoka Gahini, Rwanda, ulipovuka hadi nchi ya Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, wanawake walisimama tena mbele ya jamaa wakitoa ushuhuda, wakilia na kuimba hadi usiku wa manane.

Kuponya kwa kucheza hakukuwa kwa Karagwe peke yake: mwaka 1942 Marian Chace alianza kuwachezesha wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, na fani hiyo ya tiba kwa kucheza leo hutumika pia magerezani. Nawasihi basi wakuu wa magereza yetu, maadamu wengi wa wanawake walio mikononi mwao walijeruhiwa nafsi kabla ya kuhukumiwa, wawape ngoma isiyo ya kutumbuiza wageni, wakawaalike bibi wa Karagwe na Kyerwa waje kuwafundisha namna ya kumwitikia mwenzao.