Sheria ya Pamoja na Lugha Yake: Kutoka Westminster hadi Afrika ya Mashariki

Jina lenyewe latutaabisha kabla hatujaingia katika historia. Waandishi wetu wengi huyaita mapokeo ya sheria ya Kiingereza "sheria ya kawaida", na jina hilo humpotosha msomaji mara mbili: humfanya adhani kuwa iko sheria nyingine isiyo ya kawaida, na tena humchanganyia sheria hiyo na sheria za mila, ambazo nazo ndizo kawaida za watu. Waingereza wa karne ya kumi na mbili hawakukusudia hayo. Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala tangu 1154 hata 1189, alipowatuma majaji wake kuzunguka nchi, kila pande ilikuwa na desturi zake na baraza lake. Hukumu za majaji wa mfalme zikawa, kidogo kidogo, sheria moja ya ufalme mzima. Basi katika makala haya nitaiita sheria ya pamoja, hata wanasheria wakinung'unika.

Tofauti kati ya sheria hii na ile ya Wafaransa au Wajerumani aghalabu huelezwa kwa kusema kuwa moja haikuandikwa na nyingine imeandikwa. Maelezo hayo hayatoshi, kwa maana sheria ya pamoja imeandikwa mno. Imejaa maelfu ya vitabu. Lililo muhimu ni mahali ilipoandikwa. Mfaransa huitafuta sheria yake katika kitabu cha mwaka 1804, chenye vifungu 2,281 kilipotoka, na kifungu cha tano cha kitabu hicho chamkataza jaji kutoa hukumu kwa namna ya kuweka kanuni ya jumla. Mwingereza huitafuta katika sababu alizozitoa jaji alipokuwa akiamua ugomvi wa watu wawili, labda juu ya ng'ombe au ukuta. Sababu hizo huwafunga majaji wa chini watakaofuata. Mwaka 1898 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilijifunga hata yenyewe kwa hukumu zake, na haikujifungua mpaka 1966.

Kwa mtaalamu wa lugha jambo hili lina uzito mkubwa. Mahali ambapo sheria ni kitabu kimoja, lugha yaweza kubadilishwa kwa kufasiri kitabu. Waturuki walifanya hivyo mwaka 1926, walipoichukua sheria ya madai ya Uswisi na kuifasiri kwa Kituruki. Lakini mahali ambapo sheria ni maneno ya majaji waliopokezana kwa karne nane, utafasiri kipi, ukiache kipi?

Waingereza wenyewe walilijua tatizo hili, kwani sheria yao ilikaa muda mrefu katika lugha ya wageni. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kilikuja kuwa lugha ya mawakili na Kilatini lugha ya kumbukumbu. Mwaka 1362, katika enzi ya Edward wa Tatu, Bunge lilitunga sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yaliyosemwa kwa ajili yao wala juu yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, nayo ikaagiza kumbukumbu ziwekwe kwa Kilatini! Mawakili hawakuitii ila kwa shingo upande. Waliendelea kuandika taarifa za kesi kwa Kifaransa kilichochakaa, ambacho Mfaransa wa Paris asingekitambua. Jaribio la 1650 lilifutwa wafalme waliporudi mwaka 1660. Ushindi haukupatikana mpaka sheria ya 1731, iliyoanza kutumika 1733. Tokea 1362 ni miaka 371. Na neno letu "jaji" ni ukumbusho wa safari hiyo: latoka Kilatini, likapita Kifaransa, likaingia Kiingereza, ndipo likatufikia.

Huku kwetu sheria ya pamoja ilishuka kwa tarehe, kama shehena. Kwa Kenya tarehe ni 12 Agosti 1897, na sheria ya nchi hiyo ya 1967 yaitaja siku hiyo. Kwa Tanganyika, iliyokuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani, ni 22 Julai 1920. Pamoja nayo zilikuja sheria zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi, za mikataba na za ushahidi. Maagizo yote yalikuwa na sharti kwamba sheria ya Kiingereza itumike kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Jaji Denning, katika kesi ya ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, iliyofika London mwaka 1955, aliifananisha na mwaloni wa Kiingereza: hauwezi kuhamishiwa Afrika ukabaki vile vile, bali wahitaji kutunzwa. Mfano mzuri, ila haukutaja udongo wa lugha.

Tazama neno "wakfu". Mwislamu aweza kuifunga mali yake isiuzwe, mapato yake yaende kwa watoto na wajukuu, na kizazi kikikatika, yaende kwa maskini. Katika fikihi, kumpa jamaa yako ni sadaka. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme huko London, likiamua rufani kutoka Bengal, lilisema wakfu wa namna hiyo ni batili, kwa kuwa fungu la maskini lilikuwa jina tu. Jaji Ameer Ali wa Calcutta alikuwa amekwisha kueleza maana ya sadaka kwa Waislamu, lakini hakusikilizwa. Majaji walilipima neno la Kiarabu kwa mizani ya neno la Kiingereza, ambalo halihesabu kuwapa wanao kuwa ni sadaka. Bara Hindi iliponya jeraha hilo kwa sheria ya 1913. Lakini sheria ya bunge haivuki bahari, hukumu huvuka: mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza lile lile liliifuata hukumu ya 1894 katika kesi kutoka Kenya. Familia ikapoteza wakfu wake kwa fasiri iliyofanywa kabla mzozo wao haujazaliwa.

Sitaki idhaniwe kuwa mambo haya yamekwisha pamoja na ukoloni. Tanzania ilikipa Kiswahili nafasi katika mahakama za mwanzo, zilizoundwa kwa sheria ya 1963. Lakini katika mahakama za wilaya, kwa miaka mingi, shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Hali hiyo ni ya 1362 hasa. Shahidi wa mirathi akisema, "Huyu ni ndugu yangu," hakimu hana budi kuchagua: kaka, dada, mtoto wa ami, au mtu wa ukoo? Mahakama ya rufani husoma alichochagua hakimu, na katika mirathi chaguo hilo ni nyumba na shamba.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapodai. Wengi walishangilia kazi ya kufasiri sheria za bunge, nayo ni kazi njema. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hiyo ni njia ya Waturuki, na nchi yetu haina sheria ya namna ya Waturuki. Neno "uzembe" au "dhamana" halitakuwa na maana thabiti kwa kuwekwa katika kamusi. Litaipata siku majaji watakapobishana juu yake kwa Kiswahili, hukumu baada ya hukumu, na hukumu hizo zikachapwa na kunukuliwa. Waingereza nao walisita: mwaka ule ule wa 1733 Bunge lao liliruhusu maneno ya ufundi ya Kilatini yabaki, nayo mengine yangali yakitumika.