Kutoka Amani hadi Dzaleka: Historia ya Mhogo Chotara na Suala la Vipando kwa Wakimbizi

Kambi ya Dzaleka, iliyoko wilayani Dowa kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambako mhogo na majani yake, sombe, ni chakula cha kawaida. Nchini Malawi zao hilo huitwa chinangwa. Historia ya kinga yake dhidi ya maradhi, hata hivyo, ina chimbuko Amani, katika milima ya Usambara.

Ni Usambara ambako ugonjwa wa batobato ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1894. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols wa kituo cha Amani walitafuta kinga kwa jamaa wa mhogo, hususan mpira wa Ceará (Manihot glaziovii), mti wa asili ya Brazili uliopandwa kwa ajili ya utomvu enzi za Wajerumani. Mimea chotara ya mwanzo ilikuwa na ukinzani, lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Ilibidi ichavushwe tena na tena kwa mhogo, na katika kila kizazi ichaguliwe miche iliyobaki na kinga. Wazalishaji wa waridi hutumia njia iyo hiyo wanapochukua kwa mawaridi ya mwituni kinga dhidi ya madoa meusi.

Mbegu za Amani zilifika Nigeria, na kizazi chake kikatumiwa na taasisi ya IITA mjini Ibadan kuanzia miaka ya 1970. Aina zilizotokana na kazi hiyo zilisaidia kuurejesha mhogo nchini Uganda baada ya mlipuko wa batobato kali wa miaka ya 1990.

Ushindi huo haukuwa kamili. Aina nyingi zilizostahimili batobato zilishindwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu, ambao Storey aliueleza mwaka 1936, ulidhaniwa kuwa wa pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa. Kuanzia mwaka 2004 ulienea Uganda katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,000. Kwa hiyo nyanda za Lilongwe na Dowa haziwezi kutegemea mwinuko kuwa kinga yao.

Hapa ndipo historia inapoihusu sera. Virusi husafiri ndani ya vipando, na shina lenye ugonjwa laweza kuonekana zima. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi warejee Dzaleka, kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 ambayo sasa ina zaidi ya 50,000. Mpango wa vipando safi unaowahudumia wakulima wa vijiji jirani na kuiacha kambi nje utauacha ugonjwa mlangoni mwa wote wawili, kwa kuwa nzi weupe wanaoueneza hawatambui mpaka wa kambi.