Kodi ya nyumba Tanga: hela inaenda wapi?

Haya wadau, leo naleta historia kidogo. Kisa ni mpangaji mwenzangu aliyeuliza kwa nini luku yake inakatwa hela kila mwezi wakati nyumba si yake. Swali zuri, ila jibu lake ni refu.

Tuanzie kwa Mjerumani. Mwaka 1897 alitoa amri ya kodi ya nyumba na vibanda. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3 kwa mwaka, za mjini zaidi, na asiye na rupia alilipa kwa kufanya kazi. Hapo Tanga reli ilishaanza kujengwa tangu 1893 na mashamba ya mkonge yalitaka watu, sasa piga hesabu mwenyewe kodi ile ilikuwa ya kujenga mji au ya kusaka vibarua.

Turuke mpaka 1971. Serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa mji kama Tanga, wenye majumba mengi ya Wahindi, lilikuwa jambo zito. Halafu likafuata la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: madaraka mikoani ya 1972, halmashauri zikafutwa. Yaani majengo yapo, lakini mji wenyewe hauna baraza la kuamua mtaro upi uzibuliwe! Hali ya miji ikawa mbaya mpaka halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na mwaka 1983 ikaja sheria ya kutoza kodi ya majengo kwa thamani yake.

Hiyo thamani ndiyo roho ya jambo. Wenzetu wa Chicago tangu 1984 wana mtindo huu: wanachagua eneo lililochakaa, wanaandika thamani ya majengo yake ya mwaka huo, halafu kodi yote inayoongezeka baada ya hapo inabaki kuliendeleza eneo lile lile, hadi miaka 23. (Wapo wanaolalamika kwamba shule zinapunjwa.) Fikiria Ngamiani, na zile barabara zake za namba, ingekuwa hivyo: barabara ya sita ikinyooka, nyumba zinapanda bei, kodi inajenga ya saba.

Kwetu mambo yakaenda kinyume. Julai 2016 ukusanyaji ulitolewa halmashauri ukapelekwa TRA. Mwaka 2018 thamani nayo ikawekwa kando: nyumba ya kawaida 10,000 kwa mwaka, ghorofa la mjini 50,000 kila sakafu. Agosti 2021 kodi ikaingia kwenye luku, 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Kukusanya kumekuwa rahisi, sikatai. Lakini nyumba ya Raskazoni inayotazama bahari na ya uswahilini, zote zisizo na ghorofa, zinalipa sawasawa. Na lami ikiwekwa mbele ya mlango wako, kodi haiongezeki hata senti.

Ndiyo maana lami nyingi mnayoiona jijini Tanga ilikuja kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ule mradi wa miji ya kimkakati ulioanza 2010.

Turudi kwa mpangaji: kisheria kodi ni ya mwenye nyumba. Tunza risiti zako za luku, mkae mkatane kwenye pango.