Seti ya kubadilishia kaliba na mitego ya neno «risasi»

Seti ya kubadilishia kaliba (nomino, ngeli ya I-ZI) ni mkusanyiko wa sehemu zinazoiwezesha bastola ijipakiayo yenyewe, iliyoundwa kwa risasi kubwa, kufyatua risasi ndogo ya .22. Mfano mkongwe ni wa kampuni ya Colt ya Marekani, ambayo mwaka 1938 ilianza kuuza seti ya kuigeuza bastola yake ya kaliba .45 itumie .22. Lengo lilikuwa mazoezi: risasi ndogo ni nafuu, kishindo chake ni kidogo, na bastola hairuki sana mkononi. Fremu hubaki ileile. Kinachobadilishwa ni mtutu, springi, magazini na slaidi, yaani chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele kila bastola inapofyatuliwa.

Kauli ya kutendea katika «kubadilishia» haikuwekwa kwa mapambo. Kama tusemavyo kisu cha kukatia na jiwe la kunolea, ndivyo seti hii ilivyo chombo cha kufanyia mabadiliko. Anayeandika «seti ya ubadilishaji» hakosei sana, ila anataja tendo na kukiacha chombo. Kosa kubwa ni lile nililowahi kulisahihisha katika kazi ya mwanafunzi: «vifaa vya uongofu». Bastola haitubu.

Ugumu halisi umo katika neno risasi. Asili yake ni Kiarabu, ambako hutaja metali ile nzito na laini, na maana hiyo ingalimo katika vitabu vyetu vya kemia. Kutokana na metali likapatikana jina la kipande kirukacho kutoka mtutuni. Hatimaye neno likakimeza kitu kizima: ganda, baruti, fataki na kichwa. Polisi wanaposema wamekamata bastola yenye risasi saba, wanataja vitu vizima. Daktari anapotoa risasi pajani, hutoa kichwa peke yake. Katika habari za kila siku muktadha hutosha. Katika maelekezo ya silaha hautoshi, kwa kuwa risasi za .22 mara nyingi huwa na kichwa cha metali hiyohiyo, na mtafsiri hujikuta akiandika juu ya risasi yenye risasi ya risasi.

Pendekezo langu ni kuliachia «risasi» maana ya kitu kizima, ambayo ndiyo imeenea zaidi, kisha kusema «kichwa cha risasi» kwa kirukacho na «madini ya risasi» kwa metali. Baadhi ya watengenezaji wa seti hizi hushauri vichwa vilivyopakwa shaba, kwa sababu madini matupu huacha uchafu mwingi ndani ya silaha. Ushauri huo ukitafsiriwa «usitumie risasi tupu», msomaji atadhani anakatazwa risasi baridi, zile za kutoa mlio tu, naye ataendelea kutumia zilezile alizokuwa akionywa.

Neno la pili la kuangaliwa ni fataki. Msomaji wa Tanzania huenda akamfikiria kwanza mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, na wengine watawaza sherehe za usiku. Hapa ni kilipuzi kidogo kinachoiwasha baruti. Risasi ya .45 ina fataki ya katikati: kikombe kidogo kilichopachikwa kitakoni mwa ganda. Ya .22 ina fataki ya ukingoni: kilipuzi kimetandazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini huuponda ukingo huo. Ndiyo maana ganda lake halijazwi tena baada ya kutumika, na seti huja na pini yake, inayogonga pembeni.

«Fataki ya ukingoni» ni ndefu, lakini inaeleza. Sioni faida ya kutohoa neno la kigeni ambalo halimwambii msomaji fataki iko wapi.

Kuhusu slaidi, mtafsiri asipunguze sifa zake. Msukumo wa .22 hautoshi kuirudisha nyuma slaidi nzito ya .45, hivyo seti nyingi za sasa zina slaidi ya alumini na springi dhaifu. Colt walipita njia nyingine: chemba isogeayo, iliyobuniwa na David Marshall Williams, ambayo gesi ya baruti huisukuma nyuma ili kuongeza nguvu. «Springi dhaifu» katika matini hii ni maelezo ya muundo. Isigeuzwe kuwa «springi mbovu».

Limebaki onyo moja linaloharibiwa mara kwa mara na neno «kavu». Bastola yenye sehemu za .22 ikifyatuliwa chemba ikiwa tupu, pini yaweza kuugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Kuandika «usifyatue kavu» kunamwacha msomaji akitafuta maji. Andika: «Usivute kifyatuo ikiwa chemba haina risasi.»